Kinanda Kilichotoka Kanisani Wiki ya Mfungo wa Maneno

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwenye jalada. Anajulikana zaidi kama Mama Deki.
Umri: miaka 57.
Kazi: fundi cherehani. Kanisani ni kiongozi wa kikundi cha usafi, kwa kujitolea.
Makazi: nyumba za nyuma ya kiwanda cha mabati.
Yameandikwa: kituo cha polisi, chumba cha upelelezi, siku ya Ijumaa kuanzia saa tatu asubuhi.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa wala kulazimishwa na mtu. Akili zangu ni timamu, ila miguu imevimba, kwa hiyo namshukuru afande kwa kunipa kiti. Nimekuja kwa ajili ya mtu mnayemshikilia tangu Jumatano, yule tunayemwita Waya. Nimeambiwa hapo kaunta kwamba saa sita leo anapandishwa gari kwenda mahakamani kwa kosa la kuiba kinanda cha kanisa. Kinanda hakikuibwa. Mimi ndiye niliyemkabidhi akitoe, na mlango nilifunga mimi baada yake. Waya alishawahi kukaa jela kwa wizi wa kweli, na hakimu akishasikia hilo sidhani kama atauliza la pili. Ndiyo maana sikutaka kungoja.

Kanisa letu ni dogo. Ni jengo moja lenye bati, chumba cha watoto upande mmoja na stoo upande wa pili. Waumini tukijaa sana hatufiki mia mbili, lakini vikundi tunavyo kama kanisa kubwa. Kuna kwaya ya watu wazima, ambao wana majoho niliyoyashona mimi na kuyarekebisha kila wanaponenepa. Kuna kikundi cha sifa, vijana wa vipaza sauti. Kuna wapokea wageni, watu wa maua, na sisi wa usafi, ambao tunakumbukwa siku choo kikinuka. Waya yuko peke yake kwenye mitambo. Kazi yake ya kila siku ni kutengeneza redio na simu kwenye kibanda karibu na stendi.

Kinanda ni kimoja, na hapo ndipo ulipo ugomvi wote. Kwaya wanakitaka kiwe na sauti ya upole, ya kuzikia na kuombea. Vijana wa sifa wanakitaka kiwe na ngoma ndani yake na tarumbeta. Kila kundi likimaliza zamu yake linakiacha kama lilivyokitumia, na linalofuata likibonyeza linashtuka. Mwenyekiti wa kwaya ni wifi yangu, mke wa kaka yangu marehemu. Nampenda, lakini ni mtu wa kukumbuka. Jumapili moja kwaya walisimama kuimba wimbo wa toba, kinanda kikatoa mlio wa disko. Wifi hajasahau mpaka leo, na mwaka wa pili huu unakatika.

Ugomvi ukahamia kwenye kundi la simu. Nisingependa kurudia yaliyosemwa humo. Kijana mmoja alisema majoho yanafanana na mapazia ya nyumba ya wageni, na mimi ndiye niliyeyashona. Wifi alijibu kwa sauti iliyorekodiwa, ndefu mpaka mtu angepika na kuipua. Watu wakaanza kutoka kwenye kundi na kurudishwa. Kusema kweli nilikuwa nimeshachoka na kanisa, nilibaki nikipenda ule muda wa Jumatatu tu, mimi na ndoo, watu wakiwa hawapo.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mchungaji alituita watu wote wa huduma ya muziki pamoja na sisi tunaowahudumia. Akatutangazia mfungo. Hakusema tufunge chakula. Nayakumbuka maneno yake kwa sababu aliyasema mara mbili: "Tangu sasa mpaka Jumapili ijayo, nitakapowafungulia mimi mwenyewe, asisikike mtu wa huduma hii akitoa neno. Si kwa mdomo, si kwa simu, si kwa karatasi. Mdomo ndio uliotuvunja, basi mdomo ufunge." Tukaitikia amina.

Sasa afande, naomba uandike hili vizuri kwa sababu kesi yote iko hapa. Sisi tuliokaa kanisani miaka mingi, maneno ya mchungaji tunayapunguza, kama mtu anavyoniletea suruali ndefu nikamkatia mguu. Akisema asisikike mtu akitoa neno, tunaelewa amesema tusigombane sana. Akisema siku saba, tunaelewa mpaka Jumanne. Hakuna aliyetuambia hivyo, tunajua tu. Waya ana miaka miwili kanisani. Hakuna aliyemfundisha kupunguza. Yeye aliyavaa yale maneno kama yalivyotoka dukani.

Siku ya Jumatatu, yapata saa nne asubuhi, nilifika kanisani kufanya usafi. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilipofungua mlango niliona maji sakafuni karibu na madhabahu, na juu yake bati linavuja, na matone yanaanguka moja kwa moja juu ya kinanda. Kitambaa cha kukifunika kilikuwa kimelowa chapachapa. Nilisema kwa sauti, "Mungu wangu, kinanda." Waya alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu, alikuja kuangalia nyaya zake kwa sababu ya mvua hiyohiyo. Akaniwekea kidole mdomoni, mdomoni kwake, si kwangu, kunikumbusha. Niliona aibu kidogo na nikacheka.

Tuliongea kwa mikono. Aliinua kinanda upande mmoja, maji yakatiririka. Akatikisa kichwa. Akanionyesha kwa vidole kuwa kinafunguliwa, kinakaushwa kipande kimoja kimoja, halafu kinafungwa. Akajipiga kifuani, akaonyesha upande anakokaa. Kisha akafanya kama mtu anayepiga kinanda huku akiinua uso na kufungua mdomo bila sauti, namna wifi yangu anavyoimba, nikaelewa kuwa kitarudi kabla ya Jumapili. Alimwigiza vizuri mno. Nilicheka mpaka nikashika benchi. Nikamwitikia kwa kichwa.

Nilikwenda stoo nikachukua nailoni ya kufunikia meza, na joho moja kuukuu ambalo halina mwenyewe. Tukakifunga kinanda, kwanza joho, halafu nailoni, tukakilaza kwenye baiskeli yake na kukikaza kwa mpira. Aliondoka akiisukuma. Ilikuwa mchana kweupe na barabara ina watu. Nilipanga vizuri mabenchi, nikaweka ndoo chini ya lile bati, nikafunga. Sikumwambia mtu yeyote. Sikuona haja, na nilifurahi moyoni kwamba kwa mara ya kwanza kuna jambo limefanyika katika kanisa lile bila kikao.

Siku hiyohiyo mchana nililetewa habari kuwa dada yangu mkubwa amelazwa katika mji wa jirani. Nilipanda basi la saa tisa. Chaja niliisahau kwenye cherehani, simu ikazima jioni ile na mimi sikuishughulikia, nilikuwa namlisha mgonjwa. Ameshapata nafuu. Nilirudi jana Alhamisi, basi liliniteremsha saa saba mchana. Yaliyotokea katikati sikuyaona kwa macho yangu. Nayaeleza kama nilivyoelezwa na wifi, ambaye alinikuta kwangu hata mzigo sijautua.

Wifi alinieleza kwamba Jumatano saa kumi jioni kwaya walikwenda kufanya mazoezi. Hawakukikuta kinanda. Hapo mfungo ulikuwa bado unaendelea, kwa jinsi ulivyokuwa unaendelea. Kwaya wakasema vijana wamekificha. Vijana wakaitwa, wakaja, wakasema kwaya ndio wamekificha ili wawasingizie. Walisimama uani wakarushiana maneno mpaka watu wa nyumba za jirani wakatoka. Ndipo mwenye mashine ya kusaga akasema alimwona Waya Jumatatu akisukuma kitu kirefu kilichofungwa kwa nailoni. Nilimuuliza wifi kilichofuata. Akasema, na sura yake ilikuwa ya mtu anayetoa ushuhuda mzuri, kwamba hapo wote wakawa kitu kimoja. Watu ambao hawakuwa wamekubaliana hata juu ya wimbo wa kufungulia ibada walikubaliana kwa dakika chache tu kuwa ni Waya. Kijana yule wa mapazia alimsindikiza wifi kwa mchungaji, wameshikana mikono. Mchungaji akapiga simu hapa kituoni.

Nilimwambia wifi kuwa kinanda nilikitoa mimi. Alikaa kwenye mzigo wangu. Akaniuliza, "Sasa mbona yeye hakusema?" Nikamwambia ametii mfungo. Akasema, "Mfungo gani?" Kisha akakumbuka, akaziba mdomo kwa kanga. Simlaumu sana. Hata mimi nilivunja Jumatatu kabla ya kumaliza kudeki, na kwenye basi niliongea njia nzima na mama mmoja wa vitunguu.

Nilikwenda kwa mchungaji bila kuoga. Alikuwa na wazee wa kanisa sebuleni. Nilimweleza kama ninavyoeleza hapa. Akanisikiliza, kisha akasema kwa upole wake kwamba anaheshimu maneno yangu, lakini polisi wamekikuta kinanda kimefumuliwa kabisa kwenye chumba cha yule bwana, na kwamba walipomuuliza hakujibu. Akasema, "Mama, mtu asiye na hatia hujieleza. Kwa nini hasemi?"

Nikamwambia, "Mchungaji, ni wewe uliyemwambia asiseme."

Mchungaji aliniomba nimwache atafakari. Alisema angefika hapa kituoni kabla ya jua kuzama. Nilimsubiri hapo nje kwenye benchi mpaka mlipobadilishana zamu na hakuja. Leo asubuhi amemtuma mzee mmoja kuniambia kuwa kuonekana kwake kituoni kunaweza kuleta maneno. Nimemwambia yule mzee arudi salama.

Kuhusu kinanda kukutwa kimefumuliwa. Jana hiyohiyo nilipitia anapokaa Waya, chumba kimoja cha kupanga, mlango ninyi mliuacha wazi. Mama mwenye nyumba alikuwepo wakati wa upekuzi. Aliniambia vile vipande vya kubonyeza, vyeupe na vyeusi, vilikuwa vimepangwa kwa mfuatano wake juu ya shuka safi kitandani, kila kimoja kimewekwa mahali pake, na Waya mwenyewe alikuwa analala chini ili asivichanganye. Dirisha lilikuwa wazi ili hewa ipite. Askari walivizoa wakavitia kwenye gunia. Mtu anayetaka kuuza kitu hakitandikii shuka, mimi naona hivyo. Sijui kama kitaweza kuunganishwa tena, na sijui nani mwingine anaweza kukiunganisha.

Jana saa kumi niliruhusiwa kumwona Waya kwenye nondo, kwa muda mfupi. Alipitisha mkono nje akanisalimu. Jicho la kushoto limevimba limefunga, na mdomo umepasuka pembeni. Simtaji mtu na sikuona likifanyika. Nimesema niliyoyaona, na afande ameyaandika. Aliponiona alifurahi. Aliniuliza kwa mikono habari za mgonjwa wangu, sijui alizipata wapi. Halafu akasuguanisha kidole gumba na vidole vingine kunionyesha kuwa vile vipande vimekauka. Nilimwambia, "Waya, sema. Waambie nilikupa mimi." Akatikisa kichwa. Akaonyesha kwenye shingo, pale mchungaji anapovaa kola, kisha akakunjua vidole kunionyesha siku zilizobaki. Yaani mpaka Jumapili, afunguliwe na mchungaji mwenyewe. Askari wa zamu alinieleza kuwa alipewa kalamu na karatasi akavirudisha. Na karatasi nayo ilikatazwa, mlinisikia nikisema.

Afande ameniuliza kama Waya ni mzima wa akili. Ni mzima kuliko wengi wetu. Nitaeleza ninavyomjua. Alipotoka jela alianza kuja kanisani akikaa benchi la mwisho, na lile benchi lilikuwa linabaki lake peke yake. Wapokea wageni walimpokea kwa mbali. Nilimpa ufagio, kwa sababu kikundi changu hakina foleni ya watu wanaotaka kujiunga. Alifagia miezi mitano bila kukosa. Spika ilikuwa na mlio wa nyuki tuliokwisha kuuzoea, siku moja akaomba aifungue, na toka siku hiyo ule mlio haukusikika tena. Ndipo akapewa mitambo. Siku moja tukiwa tunafuta vumbi nilimuuliza amependa nini kwetu, maana mimi nilikuwa nimeshaanza kusahau. Alisema, "Mama, kule ndani kila mtu anaapa, na hakuna anayefanya. Hapa mtu akisema amina, amesema." Nilimwambia apitishe kitambaa kwenye dirisha la pili.

Nimeambiwa kwamba maelezo yangu peke yangu yanasaidia lakini hayatoshi. Afande ameniambia, naye ameniambia kwa ustaarabu, kuwa nikisema nilimpa na yeye akikaa kimya, hakimu ataona mama wa kanisa anamwonea huruma mfungwa wake wa zamani. Lazima na yeye aseme, kwa kinywa chake, kabla ya gari kuondoka. Nimeelewa. Saa hizi ni saa tano kasoro.

Mchungaji haji. Kumwambia Waya kuwa mchungaji ametuma ruhusa ni uongo, na huyu mtu sitamdanganya. Limebaki jambo moja tu ambalo nikimwambia najua atasema. Ni kumwambia kwamba mfungo haupo. Kwamba haukuwepo toka Jumatatu. Kwamba watu waliomleta humu walimleta wakiwa wanaongea, na kwamba wakati yeye anapigwa akiwa amefunga mdomo kwa ajili yetu, sisi tulikuwa tunapiga soga. Nimekaa na jambo hili tangu jana na sikulala. Nilifikiri kungoja Jumapili. Lakini Jumapili atakuwa gereza la mahabusu, na huko kutoka kwake si sawa na kuingia. Ningepewa kuchagua, ningeshona majoho mapya ya kwaya nzima kwa mkono kuliko kwenda kusimama mbele ya zile nondo. Inaniuma, andika kuwa inaniuma.

Naomba niruhusiwe kumwona kwa dakika chache, mbele ya afande, ili yote niyaseme yasikike. Naomba pia lile gunia lisitikiswetikiswe ovyo, kama linaweza kuwekwa mahali pakavu.

Niliyokuwa nayo ndiyo hayo. Nimesomewa nikayasikia, hayakupunguzwa wala kuongezwa, na nikiitwa mahakamani nitayarudia.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA ASKARI ALIYEANDIKA

Nimeyaandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa, nikamsomea, akakiri ni sahihi, akatia sahihi mbele yangu.

Kwa ombi lake, saa tano na robo nilimpeleka mahabusu kuonana na mtuhumiwa, nami nikiwepo. Shahidi alimweleza mtuhumiwa kuwa mfungo ulivunjika siku ya kwanza. Mtuhumiwa alitabasamu na kuweka kidole mdomoni mwake. Shahidi akarudia, akitaja kwaya, vijana, na simu iliyopigwa hapa kituoni. Mtuhumiwa aliacha kutabasamu. Alishika nondo, na kwa mara ya kwanza tangu alipokamatwa alitoa neno. Aliuliza, "Wote?"

Shahidi akamjibu, "Wote, mwanangu. Na mimi."

Mtuhumiwa alirudi akakaa chini. Kisha aliomba maji ya kunywa na kusema yuko tayari kuandikwa. Maelezo yake yanalingana na ya shahidi kwa kila jambo, na nimempelekea mkuu wa kituo jalada nikipendekeza aachiwe leo.

Wakati wa kujaza taarifa zake binafsi alijibu yote niliyomuuliza. Nilipofika kwenye dini, alisema niache wazi.